Ulimi wa Mkagua Nguruwe

Sokoni kwetu Ambatolahy nguruwe hanunuliwi mpaka Rasolo auvute ulimi wake nje na kuupapasa. Muuzaji anaweza kuapa kwa kaburi la babu yake, mnunuzi anaweza kuwa shemeji yake, haidhuru. Nguruwe anaangushwa ubavu, anatiwa kijiti mdomoni asifunge meno, kisha Rasolo anampigia goti shingoni, kitambaa cha gunia mkononi. Anaushika ulimi, anauvuta, anaugeuza. Chini yake anatafuta vivimbe vidogo kama punje za mchele, maana nguruwe mwenye hivyo ana tegu mwilini, na atakayemla bila kumpika sawasawa atamkaribisha huyo tegu tumboni. Akivikuta, Rasolo anasema, "Huyu hapana," anajifuta mikono, na habari imeishia hapo.

Mimi naitwa Vololona. Kibanda changu cha wali kinatazamana na mahali pake pa kazi, kwa hiyo nimeona ndimi nyingi kuliko daktari wa meno. Nauza wali, kisamvu kilichoungwa na nyama ya nguruwe yenye mafuta, pilipili ya kusaga, na maji ya ukoko ya kuteremshia. Nyuma ya kibanda nimetundika pazia. Kwetu koo nyingi zina mwiko wa nguruwe, na wenye mwiko huo nao wana pua, na kisamvu changu kinanukia mpaka barabarani. Wanaopita nyuma ya pazia siwataji. Nina wakwe humo.

Rasolo hakuwahi kupita nyuma ya pazia. Ukoo wao haumli nguruwe tangu zamani za wafalme, na yeye hajawahi hata kulamba kijiko. Ndiyo maana soko zima lilimwamini. Mtu asiyekula hana sababu ya kuipendelea nyama, ndivyo wafanyabiashara walivyosema, nao ni watu wasiomwamini hata mama yao mzazi mbele ya mizani. Jioni alivua nguo za kazi kwenye kibanda kando ya mto, akanawa kwa majivu, ndipo akaingia kwake. Mama yake, alipokuwa hai, alikuwa akimngoja mlangoni na kumnusa kwanza. Kugusa si kula, mama alisema, lakini nanusa.

Kasoro yake ilikuwa moja: kazi ilimpanda kichwani. Alikuwa haongei na mtu bila kumtazama mdomoni. Mchungaji wetu alipokuwa anahubiri, Rasolo alikaa benchi la mbele akiinamisha shingo kama anatafuta kitu kilichodondoka. Na mtu huyo aliyekagua ndimi za wilaya nzima, wake mwenyewe hakuwahi kuutazama kwenye kioo.

Kwenye viwiko na magoti alikuwa na mabaka mekundu yenye magamba meupe. Baridi ya Julai ikiingia, yalipasuka na kutoa damu. Alisema ni kwa sababu ya kupigia goti nguruwe. Viwiko je, nilimuuliza, na viwiko unavipigia goti? Akasema ni baridi. Hakuna aliyejali, maana viwiko vya mwanamume si habari.

Habari ilikuja Jumamosi moja ya Juni. Muuzaji mmoja wa kutoka bondeni, mtu wa maneno makali, aliambiwa nguruwe wake hapana. Alikuwa nguruwe mkubwa, mnene, na yule bwana alikuwa ameshaigawa fedha kichwani mwake. Akaanza kufoka. Rasolo anaona vivimbe kila mahali, alisema, labda anavyo yeye.

"Unavuta ndimi za wenzako tu," alisema. "Toa wako na sisi tuuone."

Watu wakacheka. Rasolo naye akacheka, na kwa kuwa alikuwa na majivuno ya mtu asiye na la kuficha, akapanua mdomo akautoa ulimi wote, mpaka kidevuni.

Kicheko kikakatika. Ulimi ule ulikuwa kama ramani ya mashamba yetu. Kulikuwa na sehemu nyekundu zisizo na utando, laini na zinazong'aa, kila moja imezungushiwa ukingo mweupe uliojipinda, na katikati mifereji mirefu. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu alirudi nyuma hatua moja. Rasolo alibaki ameutoa, akingoja makofi.

Kuanzia hapo soko lilifanya kazi ambayo soko linaiweza. Kufikia saa ya chakula ilishajulikana kwamba Rasolo anakula nguruwe kwa siri. Kufikia jioni ilijulikana kwamba anakula wale wale anaowakataa: anawaponda ili bei ishuke, kisha anawanunua kwa mlango wa nyuma. Mabaka ya viwikoni, ambayo kwa miaka yote yalikuwa ya baridi, yaligeuka kuwa ghadhabu ya wazee waliolala kaburini. Walioyasema haya kwa sauti kubwa zaidi walikuwa wateja wangu wa nyuma ya pazia. Walitafuna, wakatikisa vichwa, wakasikitika jinsi watu wa siku hizi wasivyoheshimu miko, kisha wakaomba kuongezewa mchuzi.

Jumamosi iliyofuata wanunuzi walimleta kijana wa Rabemila, fundi baiskeli, awakagulie. Fundi baiskeli alivuta ulimi wa nguruwe wa kwanza, yule nguruwe akamng'ata mkono. Bado walimpenda zaidi, maana walimwomba autoe ulimi, ukaonekana safi.

Rasolo alikaa mahali pake na kitambaa chake magotini. Hakuna aliyemwita.

Hilo la kazi angelivumilia. Lakini mwaka huo ulikuwa mwaka wa ukoo wao kufungua kaburi na kuwavisha wazee sanda mpya. Mama yake alikuwa ametangulia miaka sita nyuma, na hii ingekuwa mara yake ya kwanza kutolewa. Rasolo alikuwa ameshamfumishia sanda ya hariri, rangi ya udongo mwekundu, nzito, ya kuvalisha malkia. Aliniletea niione kabla hajamwonyesha mtu mwingine. Alitaka jambo moja tu: aingie mwenyewe kaburini, amshushe mama yake kutoka kwenye kitanda cha jiwe, amtoe nje kwenye jua. Alisema ameliota mara nyingi mpaka anajua uzito wake.

Kiongozi wa ukoo alikuwa binamu yake, Andriambelo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mtu mnene, mpole wa sauti, anayevaa viatu vya rangi mbili, nyeupe na kahawia, hata wakati wa matope. Alikuja mpaka kwa Rasolo, akakaa, akauliza habari za kuku, za baridi, za mavuno, na baada ya adabu zote hizo akamweleza mdogo wake kwamba wazee wamekaa wakaona ni heri asiingie kaburini mwaka huu. Hata kumbeba mama asimbebe. Atakaa nje ya ukuta na wageni, atapewa wali.

"Si mimi ninayesema, mdogo wangu," alisema. "Ni ulimi wako."

Nilikuwepo, nimepeleka mkaa. Nilimtazama Andriambelo na moyo ukanichemka, kwa sababu ambayo nitaisema baadaye.

Alipoondoka, Rasolo akaniomba kioo. Alijitazama kwa muda mrefu, akauvuta ulimi kwa kitambaa kama kawaida yake, akaugeuza.

"Ramatoa," aliniambia, kama tunavyowaita akina mama kwetu, "kama huu ungekuwa wa nguruwe, nisingejua la kusema."

"Basi twende kwa anayejua," nilimjibu.

Hospitalini Antsirabe tulimpata daktari wa ngozi, Daktari Harimalala, mwanamke kijana wa kutoka pwani, aliyechoka, mwenye sweta juu ya koti jeupe. Rasolo alimwonyesha viwiko akitumaini mambo yataishia hapo. Daktari akaangalia viwiko, magoti, nyuma ya masikio, kucha. Kisha akamwambia atoe ulimi. Rasolo akafunga mdomo. Daktari akasubiri, akachukua kipande cha shashi, akamshika taya.

"Ushike nyuma zaidi, Daktari," Rasolo alisema kupitia meno. "Hapo utakuponyoka."

Aliuangalia pande zote, na mimi nikaangalia usoni kwake kuona kama atarudi nyuma. Hakurudi. Alisema ngozi yake ina ugonjwa uitwao soriasisi, ngozi inajijenga kwa haraka kupita kiasi mpaka inarundikana magamba, na wakati wa baridi huzidi. Hauambukizi. Hautokani na kitu alichokula. Ulimi huo nao hauna madhara. Baadhi ya wenye soriasisi wanao, wengi hawana, na wako wenye ulimi huo ambao ngozi zao ni nzima kabisa, ila viwili hivyo huonekana pamoja mara nyingi kuliko vile bahati tu ingeleta. Mabaka ya ulimi huhama, leo huku, wiki ijayo kule. Akauliza kama pilipili inamchoma. Rasolo akasema tangu utotoni, yeye na mama yake walikuwa na sufuria yao isiyotiwa pilipili. Mama alikuwa akisema pilipili ni ghali.

"Mara nyingi huwa ni vya ukoo," alisema daktari. "Nani mwingine kwenu anao?"

"Kwetu hatuonyeshani ndimi, Daktari."

"Basi anzeni," alisema, akaandika dawa ya kupaka.

Dawa ilisaidia viwiko. Ukoo haikuusaidia. Rasolo alimweleza Andriambelo kila neno, na Andriambelo akasikiliza kwa upole wake wote, akasema daktari ni msomi, anamheshimu, lakini ni mtu wa pwani, na mambo ya kaburi letu hayasomwi Ulaya. Nilimuuliza Rasolo kwa nini hakumtukana. Akasema kaka ni kaka.

Siku ya kaburi ikafika, Agosti, jua kali na upepo wa baridi. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kupika wali wa mafuta kwa ajili ya wageni: ng'ombe mtupu, na masufuria mapya, kwa sababu Andriambelo alisema ya kwangu yana historia. Historia ya masufuria yangu aliijua vizuri. Bendi ya tarumbeta ilikuwa imeshaanza, na watu wa ukoo wamevaa kofia mpya za majani, wanacheza kujipasha moto. Jiwe la mlango likaondolewa. Rasolo alisimama nje ya ukuta, sanda ya hariri mikononi, kama alivyoagizwa.

Andriambelo akapanda juu ya ngazi ya kaburi kutoa hotuba. Alianza kwa kuomba radhi kwamba yeye ni mdogo na hastahili kusema, kisha akasema kwa muda mrefu sana. Wali wangu ukaanza kushika chini. Mwishoni akafika alipokuwa anakwenda. Alisema wazee hawapendi uchafu, na mmoja wetu ameshuhudiwa na ulimi wake mwenyewe mbele ya soko zima, na kwa masikitiko makubwa sanda ile ichukuliwe na mikono mingine.

Kijana mmoja akamwendea Rasolo kuchukua sanda. Rasolo hakuitoa. Akapita mlango wa ukuta, akaja mpaka chini ya ngazi. Bendi ikanyamaza mmoja mmoja, tarumbeta ya mwisho ikiwa imechelewa kuelewa.

"Kaka," alisema, "naomba kusema kama mtu wa soko. Mtu akiniletea nguruwe mmoja mwenye shaka, simkagui peke yake. Nakagua zizi zima. Ndiyo sheria, na nyinyi nyote mmekula nyama kwa sheria hiyo. Samahani, wengine mmekula."

Pakawa na kicheko kidogo kilichozimwa haraka.

"Zizi lenyewe ni hili," alisema. "Nitaanza na mkubwa."

Andriambelo akasema huo ni utovu wa adabu, mbele ya wazee, na siku kama hii. Wengi walikuwa upande wake. Lakini mkubwa hakuwa Andriambelo. Mkubwa alikuwa Bibi Razanamavo, dada wa damu wa mama yake Rasolo, wote wawili wamezaliwa na kuolewa humo humo ukooni, mwanamke aliyekuwa mkali wa miko kiasi kwamba hakukanyaga kivuli cha nguruwe. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunika shuka mpaka puani. Akainua mkono asaidiwe kusimama.

"Njoo unione, mwanangu," alisema. "Sina meno ya kukuuma."

Akaufungua mdomo na kuutoa ulimi kwenye jua.

Mabaka mekundu, kingo nyeupe, mifereji katikati. Ungesema ameazima wa Rasolo. Watu waliokuwa karibu wakavuta pumzi, waliokuwa mbali wakaanza kusukumana. Bibi Razanamavo alikaa ameutoa mpaka aliporidhika kwamba kila mtu ameona, akaurudisha, akajifuta.

"Uko hivi tangu nikiwa msichana," alisema. "Na wa mama yako ulikuwa hivi. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, asubuhi tunaonyeshana nani wake umehamia wapi. Hatukumwambia mtu. Ulitaka tumwambie nani, tukose waume?"

Nikamwona Rasolo anaangalia ile sanda mikononi mwake, na uso ukamkunjamana, akalia waziwazi, mtu mzima, mbele ya bendi. Akasema ni ile sufuria. Miaka yote alidhani mama alikuwa bahili wa pilipili. Na mimi nililia, wali ukaungua kabisa.

Kazi ikawa rahisi baada ya hapo, maana watu wetu wakishaona jambo limekuwa la ukoo wanaligombania. Dada yake Andriambelo akautoa wake, nao ulikuwa na mabaka mawili madogo, akaupokea kwa furaha kama aliyepewa shamba. Mpwa mmoja alikuwa na mifereji bila mabaka, akabishana kwamba nao ihesabiwe. Wasio na kitu wakawa wanatazama ndimi zao kwenye simu, wakiugeuza uso huku na huku kutafuta mwanga mzuri zaidi.

Ndipo Bibi Razanamavo akamgeukia Andriambelo pale juu ya ngazi.

"Na wewe."

Alikataa. Akasema ni kiongozi. Bibi akasema ndiyo maana. Akashuka ngazi moja moja na viatu vyake vya rangi mbili, akafungua mdomo kwa shida. Ulimi wake ulikuwa laini, wa waridi, hauna doa, mzuri kuliko ndimi zote zilizotolewa siku ile.

Bibi Razanamavo akausogelea, akakunja macho.

"Huu sio wa kwetu," alisema.

Hapo ndipo nilipoona jinsi watu wanavyojifunza. Robo saa kabla, ulimi wenye mabaka ulikuwa laana. Sasa ulimi safi ukawa ndio mashaka. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya chini mama yake Andriambelo alitokea kijiji gani hasa. Mwingine akasema heri asiingie kaburini mpaka mambo yachunguzwe. Andriambelo alibaki mdomo wazi, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Na mimi nikiwa na mwiko wa kupikia mkononi, kinywa kiliniwasha. Kila Jumamosi, mwaka baada ya mwaka, mtu yule alikaa nyuma ya pazia langu, sahani mbili za kisamvu, mafuta yakimtiririka kidevuni. Hiyo ndiyo sababu niliyosema nitaisema. Mvunja mwiko halisi alikuwa mbele yetu, ana ulimi safi kuliko wote, na neno moja langu lingetosha.

Rasolo aliwahi.

"Ulimi wa kaka ni mzima," alisema. "Na wangu ni mzima. Nimeshika ndimi maisha yangu yote, zinachojua kusema ni kama kuna tegu. Mwiko haukai pale." Akamkabidhi binamu yake ncha moja ya sanda. "Twende, kaka. Wewe utashika miguu, mimi nitashika kichwa. Mama alikuwa mwepesi, lakini si wa mtu mmoja."

Wakaingia wawili. Walipotoka naye kwenye jua, bendi ilipiga kwa nguvu mpaka ndege wakaruka mashambani. Rasolo aliketi mkekani akampakata mama yake kabla ya kumvisha, akainama karibu kabisa akawa anamnong'oneza. Sikusikia alichosema. Nilimwona tu ametoa ulimi, kidogo, kwa haraka, kama mtoto anayemwonyesha mama yake kitu asubuhi.

Jioni, nikiosha yale masufuria mapya yaliyoungua, alikuja kuniaga na kunishukuru kwa wali ambao kila mtu aliusifu kwa uongo. Nikamwambia kuna jambo ningeweza kulisema pale kaburini, nikanyamaza kwa heshima ya biashara, lakini yeye anastahili kulijua. Akanizuia kwa mkono.

"Ramatoa, mimi nakaa mkabala na kibanda chako tangu kilipojengwa," alisema. "Pazia lako linaishia magotini."

Nilisimama na sufuria mkononi. Nikamuuliza kama alijua tangu zamani, kwa nini alikubali kuwekwa nje ya ukuta na mtu yule.

"Ningesema nini?" alisema. "Kwamba nilivitambua viatu vyake? Wangeanza kukagua viatu."

Kesho yake nilinunua kitambaa nikalirefusha pazia mpaka chini.